Dakika Kumi na Sita za Lamadi

Kutoka njia panda ya Lamadi, pale barabara kuu ya Mwanza na Musoma inapotoa tawi la kuingia bara, hadi Bariadi mjini ni kilometa 71.8 za lami. Rais John Magufuli aliifungua barabara hiyo Januari 2017. Kabla ya hapo safari ile iliamuliwa na mvua: kiangazi vumbi, masika utelezi, kwa kuwa sehemu kubwa ya Simiyu ni udongo mweusi wa mbuga, udongo ambao mkulima wa pamba anaupenda na dereva anauogopa. Fuso ikizama, imezama. Abiria walishuka, wakasukuma, na wakati mwingine wakalala njiani.

Mkoa wenyewe ulikuwa bado mchanga. Ulianzishwa 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, ukapewa wilaya tano: Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Lami ya Lamadi ilipofika Bariadi haikuishia hapo. Kipande cha Bariadi hadi Maswa kina kilometa 49.7, na cha Maswa hadi Mwigumbi, kule barabara inapokutana na ile ya Shinyanga kwenda Mwanza, kina kilometa 50.3. Kwa hiyo leo gari linaweza kuondoka karibu na maji ya Ghuba ya Speke na kukata mkoa hadi upande wa pili, karibu kilometa 172, bila tairi kugusa vumbi.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo zamani halikuwa na maana. Barabara ikiwa mbovu, hakuna anayejadili mwendo, shimo linaamua. Ikinyooka, dereva anabaki peke yake na mguu wake wa kulia. Akanyage awahi, au aende taratibu abane mafuta?

Ubishi huu unasikika stendi yoyote ya Bariadi na Lamadi, hasa miongoni mwa madereva wa michomoko, zile Probox, Succeed na Wish zinazobeba abiria kati ya miji midogo ya Kanda ya Ziwa. Kuna wanaoapa kwamba gari likienda 80 linakunywa kidogo na kudumu. Wapo wanaosema huo ni uzembe, mwenye haraka ndiye anayekula. Wote wawili wanazungumzia pesa, na kwa sababu hiyo jambo lenyewe linastahili kupigiwa hesabu badala ya kubishaniwa kwa sauti.

Njia kutoka Lamadi hadi Bariadi, kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa usiokatika, ni dakika 54. Kwa mwendo wa 113 ni dakika 38. Tofauti ni dakika 16. Hiyo ndiyo zawadi yote anayopewa anayekanyaga, na hata hiyo anaipata barabarani pakiwa peupe. Lakini njia hii inapita Dutwa na vijiji vingine vyenye shule, magenge na matuta. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa maeneo ya makazi, na 80 kwa mabasi na malori makubwa nje ya makazi. Ikichukuliwa kwamba kilometa 15 tu za njia hiyo zinaendeshwa kwa 50, faida ya mwenye haraka inashuka hadi dakika 12.

Gharama yake je?

Mtu yeyote aliyepanda baiskeli Simiyu, na ni wengi, anaujua upepo wa mbele. Akienda taratibu hauhisi. Akiongeza mwendo, upepo unamshika kifua, na nguvu anayoitumia haiongezeki sawasawa na mwendo, inaruka. Gari nalo linapigana na hewa hiyohiyo. Nguvu ya hewa inayolirudisha nyuma huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukizidishwa mara mbili, hewa inasukuma mara nne. Kwenye nchi ya milima, kama Lushoto au Mbeya, sehemu kubwa ya mafuta huliwa na kupanda. Simiyu ni tambarare pana inayoendelea hadi Serengeti. Huku, gari likishapata mwendo, adui mkubwa aliyebaki ni hewa. Mwendo unagharimu zaidi hapa kuliko mahali ambapo mlima unamlazimisha kila mtu aende pole.

Mwaka 2013 maabara ya taifa ya Oak Ridge, nchini Marekani, ilitoa matokeo ya kupima magari 74 ya aina mbalimbali. Wastani wake ni huu: gari linapotoka mwendo wa takriban 80 kwenda 97, umbali linaokwenda kwa lita moja hupungua kwa asilimia 12 hivi. Kutoka 97 kwenda 113, hupungua tena kwa asilimia 14. Kutoka 113 kwenda 129, asilimia 15 nyingine. Kila hatua inauma kuliko iliyotangulia.

Matokeo hayo yaletwe Lamadi. Ichukuliwe gari ndogo inayokwenda kilometa 14 kwa lita ikiwa kwenye 80. Hadi Bariadi itatumia lita 5.1. Ikiendeshwa 113, kila lita itaisukuma kilometa kumi na nusu tu, na safari ileile itakula lita 6.8. Imeongezeka lita moja na robo tatu, pungufu kidogo. Bei ya lita ikiwekwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, zile dakika 16 zimenunuliwa kwa shilingi 5,000. Kwa kiwango cha nauli kilichotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mwishoni mwa 2023, shilingi 48.47 kwa kilometa kwa basi la daraja la kawaida, abiria mmoja wa Lamadi kwenda Bariadi analipa karibu shilingi 3,500. Kwa hiyo dereva mwenye haraka amechukua nauli ya abiria mmoja na karibu nusu ya mwingine, akaiachia hewa.

Akienda na kurudi mara mbili kwa siku, ni shilingi 20,000. Akifanya kazi siku 26 za mwezi, ni zaidi ya nusu milioni.

Pesa hizo hazitoki mfukoni mwa tajiri mwenye gari. Katika biashara ya hesabu, dereva anakusanya nauli, anajaza mafuta mwenyewe, anampa bosi hesabu ya siku iliyokubaliwa, na kinachobaki ndicho anachokwenda nacho nyumbani. Mafuta yakizidi, hesabu ya bosi haipungui hata shilingi. Kinachopungua ni unga, ada na kodi ya chumba cha dereva. Basi kwa nini mtu anayelipia mafuta kwa jasho lake mwenyewe aendeshe kama vile mafuta ni ya bure?

Jibu liko stendi, halipo barabarani. Gari likifika Bariadi, linaingia kwenye zamu. Mbele yake yapo mengine yanayosubiri kujaa, na utaratibu ni kwamba lililo kwenye zamu lijae kwanza ndipo linalofuata lianze kupakia. Dereva anajua kwamba akichelewa dakika mbili, mwenzake aliyekuwa nyuma yake atamtangulia kuandikisha, na nafasi hiyo moja inaweza kumgharimu saa nzima. Kwa hiyo anakanyaga, si ili abiria wawahi, bali ili asiachwe kwenye foleni. Anafika. Anaandikisha. Kisha anakaa chini ya mti, pamoja na wapiga debe, dakika 40, saa moja, saa moja na nusu, akisubiri viti vijae. Zile dakika 16 alizozinunua kwa shilingi 5,000 zinamwagika palepale mbele yake.

Na mwenzake naye alikanyaga, kwa sababu hiyohiyo. Wote wakikanyaga, nafasi zao kwenye foleni zinabaki vilevile kama wote wangekwenda pole. Tofauti ni kwamba kila mmoja amechoma mafuta zaidi. Ni mashindano ambayo hakuna anayeyashinda, na hakuna dereva mmoja anayeweza kujitoa peke yake bila kuumia. Anayemlaumu dereva kwa tabia yake anaiona nusu ndogo ya jambo. Deiwaka, yule anayeshika usukani kwa tripu chache wakati mwenye gari anapumzika, yuko pabaya zaidi: analipwa kwa tripu, hana uhakika wa kesho, na kila dakika anaiona kama pesa inayomponyoka.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Zipo siku ambazo kukanyaga kunalipa. Siku ya mnada, au msimu wa pamba wakulima wanapokuwa wamelipwa, au Desemba watu wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, gari hujaa ndani ya dakika kumi. Hapo dakika 16 za kila njia, zikikusanywa mara nne, zinazidi kidogo saa moja, na saa moja inaweza kuwa tripu ya ziada yenye nauli inayozidi gharama ya mafuta yaliyoongezeka. Dereva anayesema haraka inalipa hadanganyi. Anakumbuka siku hizo. Tatizo ni kwamba anaendesha hivyohivyo Jumanne ya kawaida ya Februari, stendi ikiwa na magari mengi kuliko abiria.

Madereva wanaotaka kubana mafuta nao wana imani zao, na baadhi zinawapoteza. Maarufu kuliko zote ni kuweka free. Gari likianza kuteremka, gia inatolewa, injini inanguruma pole, na dereva anaamini ameokoa. Kwenye magari ya zamani yenye kabureta palikuwa na ukweli kidogo. Magari karibu yote yanayokuja leo kutoka Japani yana mfumo wa kompyuta wa kupulizia mafuta, na ukiachia eksileta gari likiwa ndani ya gia, mfumo huo hukata mafuta kabisa hadi mwendo upungue. Ukiweka free, injini inalazimika kunywa kidogo ili isizime. Anayeweka free anatumia mafuta zaidi ya anayeacha gia mahali pake, na juu ya hilo anapoteza nguvu ya injini ya kulizuia gari, breki zikabaki peke yake. Kwa lori lenye mzigo kwenye miteremko ya Sekenke au Kitonga, hilo ni kucheza na maisha ya watu.

Kinachobana mafuta kweli ni kuisoma barabara. Dereva mzoefu anaona rasta za kijiji akiwa mbali, anaachia eksileta mapema, gari linapungua lenyewe, analivusha, kisha analiongezea mwendo tena kwa upole. Mwenzake anafika na 110, anakamata breki, anaruka tuta, anakanyaga hadi sakafu. Nguvu inayobebwa na gari kwenye 110 ni karibu mara mbili ya ile ya 80, na yote inageuzwa joto kwenye breki kila kijiji. Hiyo ilikuwa petroli, imelipiwa sheli. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba uendeshaji wa kukurupuka namna hiyo hupunguza ufanisi wa mafuta kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye mwendo wa barabara kuu.

Halafu kuna keria. Gari la Simiyu halitoki bila mzigo juu: godoro, tenga la kuku, gunia la mpunga, baiskeli. Wataalamu wa idara hiyohiyo wanakadiria kwamba sanduku kubwa lililofungwa juu ya paa huongeza matumizi ya mafuta vibaya, likipunguza ufanisi kwa asilimia 10 hadi 25 kwa mwendo wa kuanzia 105 hadi 120. Sanduku hilo ni butu, halikuchongwa lipenye hewa. Tenga la kuku nalo halikuchongwa. Anayekimbiza gari lenye godoro juu anasukuma ukuta.

Fuso za pamba zinalijua hili kuliko gari jingine lolote. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na pamba inayotoka kwenye vyama vya msingi kwenda vinu vya kuchambua ni nyepesi kwa kilo lakini kubwa kwa umbo. Hupangwa juu ikazidi kimo cha kabini. Lori hilo haliteswi sana na uzito, linateswa na ukubwa wa uso unaokutana na hewa. Ukomo wa 80 kwa malori haukuwekwa kwa ajili ya mafuta, ila kwa mwenye lori la pamba unaingiza pesa.

Nchi nyingine zimewahi kulichukua jambo hili mikononi mwa serikali. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta zilipowafungia baadhi ya wateja wao, bei ilipaa dunia nzima. Ujerumani Magharibi, nchi inayojulikana kwa barabara zisizo na ukomo wa mwendo, ilijiwekea ukomo wa 100 kwa miezi michache. Marekani ilipitisha sheria Januari 1974 iliyoshusha mwendo hadi maili 55 kwa saa, karibu kilometa 89. Lengo lilikuwa mafuta. Lakini mwaka huo vifo vya barabarani vilishuka kutoka karibu 54,000 hadi karibu 45,000. Watu walisafiri kidogo zaidi, kweli, na hiyo ni sehemu ya sababu. Mwendo ulikuwa sehemu nyingine. Ukomo huo ulidumu kwa namna mbalimbali hadi 1995. Hispania ilifanya jaribio fupi mwaka 2011, vita vya Libya vilipotishia mafuta yake: ukomo ulishushwa kutoka 120 hadi 110 mwezi Machi, vibao vikabandikwa stika, na mwisho wa Juni stika zikabanduliwa.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi ya hapo. Wazee wa Bariadi na Maswa wanakumbuka miaka ya sabini na themanini, ambapo magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana bila kibali maalumu. Nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia mafuta, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliongeza mzigo. Padri, daktari, mtu mwenye msiba, kila mmoja alitafuta karatasi ya ruhusa. Taifa zima liliambiwa lipunguze safari, kwa sababu kila lita ilikuwa imelipiwa kwa pamba, kahawa na katani.

Uhusiano huo haujakatika. Mafuta yote ya petroli na dizeli yanayotumika Tanzania bado yanatoka nje, yanashushwa bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati, inatangaza bei za kikomo, mji kwa mji. Kadiri mji ulivyo mbali na bandari, ndivyo gharama ya usafirishaji inavyoongezwa kwenye kila lita. Bariadi iko mbali. Agosti 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, tena baada ya serikali kuweka ruzuku. Katikati ya 2023, dola zilipoadimika, kuna miji ambako sheli zilifungwa na mafuta yakauzwa kwa vidumu. Mkulima wa Itilima anayevuna pamba inayoleta dola, na dereva wa Bariadi anayezichoma hewani, wanaishi mkoa mmoja.

Kuna jambo ambalo haliingii kwenye hesabu ya lita. Barabara ya Lamadi haina uzio. Ng'ombe wa Wasukuma wanavuka asubuhi kwenda malishoni na jioni wakirudi, wakichungwa mara nyingi na mtoto. Umbali wa kulisimamisha gari kwa breki kwenye 110 ni karibu mara mbili ya ule wa 80. Shirika la Afya Duniani linasema kila asilimia moja ya ongezeko la mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia nne, na mtembea kwa miguu anayegongwa na gari kwenye 65 yuko kwenye hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko anayegongwa kwenye 50. Tofauti ya kilometa 15 tu, ndani ya kijiji, mbele ya shule.

Tasnia ya habari ya Kanda ya Ziwa ina jeraha lake kuhusu barabara za mkoa huu. Januari 11, 2022, katika Wilaya ya Busega, ajali iliua zaidi ya watu kumi, wakiwemo waandishi wa habari kutoka Mwanza waliokuwa kazini kuelekea Ukerewe. Haitajwi hapa kumpa mtu lawama. Inatajwa kwa sababu baadhi ya waliokufa walikuwa waandishi wa ukanda huu, na kwa sababu anayezungumzia mwendo wa magari Simiyu hawezi kuwapita kimya.

Wapo wanaotakiwa kuwahi. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hana dakika 16 za kutoa. Kwa ajili yake nchi imejenga mpango wa m-mama, uliopanuliwa kitaifa kuanzia 2022: mhudumu wa kituo cha afya au familia inapiga 115 bila malipo, kituo cha mawasiliano kinatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo anaitwa dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari aliyeandikishwa na anayelipwa kwa safari hiyo. Ukitazama mpango huo kwa makini, utaona kwamba muda mwingi unaookolewa hauko kwenye mwendo wa gari. Uko kwenye saa ambazo zamani zilipotea ndugu wakitafuta usafiri, wakibembeleza bei, wakikopa pesa ya mafuta. Gari likishapatikana, nusu ya vita imeisha kabla injini haijawaka.

Na abiria? Huko Kenya, watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu, zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha hovyo. Madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili kwenye magari yaliyobandikwa. Kazi hiyo baadaye ilizaa kampeni ya Zusha. Hakuna kamera iliyofungwa, hakuna askari aliyeongezwa. Simiyu abiria wengi hunyamaza, na kunyamaza kwao kunaeleweka: anayeketi amebanwa watatu kiti cha mbele, akimwita dereva kaka, haoni kwamba ana haki ya kumwambia apunguze. Lakini ni yeye aliyelipa nauli. Mama mtu mzima akisema "mwanangu, taratibu, tuna watoto humu," dereva wa Kisukuma hatamjibu vibaya mbele ya watu.

Tochi za trafiki zinasaidia, na faini ya shilingi 30,000 ni sawa na mafuta ya ziada ambayo mwenye haraka anayachoma kwa siku moja na nusu. Ila dereva anajua zilipo. Gari linalotoka mbele linamwasha taa, anapunguza, anapita, anakanyaga tena. Kompyuta za kufuatilia mwendo, ambazo LATRA inazisimamia kwenye mabasi ya mikoani, zimefanya kazi kubwa zaidi kwa sababu hazihami wala hazilali. Michomoko mingi haina.

Dawa ya stendi ni nyepesi kuliko hizo zote, na haihitaji sheria mpya. Zamu igawiwe asubuhi kwa saa, si kwa nani amewahi kufika: gari la kwanza linaondoka saa kumi na mbili, la pili saa kumi na mbili na nusu, na kuendelea, kila moja likijua saa yake ya kurudi. Dereva mwenye saa yake hana wa kukimbizana naye. Siku ya mnada nafasi ziwekwe karibu zaidi, Februari ziachane. Chama cha madereva cha stendi ya Bariadi au Lamadi kinaweza kujaribu kwa mwezi mmoja na magari kumi: mafuta yajazwe sheli moja, risiti zitunzwe, na hesabu ya kila dereva ilinganishwe na mwezi uliopita. Jaribio lianze Machi au Aprili, kabla soko la pamba halijafunguliwa na abiria kuwa wengi, ili msimu ukifika kila dereva awe tayari na risiti zake mkononi za kubishania.